Galaxy Tab A9+ na iPad A16 katika darasa la wanahabari: meza nzuri ya kuhariria, masikio mabovu

Neno kishikwambi, yaani tableti, liliwakaa Watanzania wengi mdomoni wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba nacho mkononi. Baadaye vifaa vile vikagawiwa walimu. Kwa chuo cha uandishi wa habari swali linalofuata ni hili: je, kishikwambi kinatosha kumfundisha mwanafunzi kupiga picha, kurekodi sauti, kuhariri video na kuikabidhi ikiwa tayari kurushwa?

Kinatosha, ila si kwa kazi ambayo wengi hukinunulia. Anayekinunua kama kamera atajuta ndani ya wiki mbili. Anayekinunua kama meza ya kuhariria, yenye kioo kikubwa ambacho wanafunzi watatu wanaweza kukitazama pamoja na kubishana ikatwe wapi, atapata thamani ya fedha yake. Picha zenyewe zipigwe kwa simu za wanafunzi, sauti iingie kwa maiki ya nje, kisha kazi yote imiminwe kwenye kishikwambi. Tathmini hii imefuata mpangilio huo, kwa vifaa viwili vilivyo ndani ya uwezo wa chuo cha kawaida: Samsung Galaxy Tab A9+ iliyotoka Oktoba 2023, na iPad yenye chipu ya A16 iliyotoka Machi 2025.

Vifaa vyenyewe kwa haraka

Tab A9+ ina kioo cha inchi 11, kamera ya nyuma ya megapikseli 8, betri ya mAh 7,040, nafasi ya memori kadi ya hadi TB 1, na kitu ambacho watengenezaji wengi wamekiondoa: tundu la hedifoni la milimita 3.5. Inarekodi video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde, basi. Ilitoka ikiuzwa Marekani kuanzia dola 219.99 kwa toleo la GB 64. Toleo hilo lina RAM ya GB 4, na kwa darasa la uhariri liachwe dukani. Ukipanga safu mbili za video na safu mbili za sauti linaanza kukwama, mwanafunzi anabonyeza mara tatu kwa pupa, na klipu inakatika pasipotakiwa. Chukua la RAM GB 8 na hifadhi ya GB 128.

iPad A16 inaanzia GB 128 na ilitoka kwa dola 349. Kamera yake ya nyuma ni ya megapikseli 12, inarekodi hadi 4K kwa fremu 60, na inakubali fremu 25. Haina tundu la hedifoni wala nafasi ya memori kadi. Kila kitu kinapita kwenye tundu moja la USB-C. Bei hizi ni za Marekani, na zikifika Dar es Salaam au Nairobi kodi na usafiri huziongeza.

Kuna na iPad ya kizazi cha 9, ya mwaka 2021, ambayo bado inapatikana kama mtumba. Ina tundu la hedifoni, lakini kamera yake ya nyuma inaishia 1080p na tundu la kuchajia ni Lightning, kwa hiyo kila flashi na kila kisoma kadi kitadai adapta yake. Kwa mwalimu wa sauti peke yake inafaa. Kwa darasa zima, hapana.

Sauti: hapa ndipo kazi inapoharibika

Mtazamaji husamehe picha iliyotikisika kidogo, lakini sauti inayovuma hamsamehe mtu. Maiki ya ndani ya kishikwambi chochote husikia kila kitu kwa usawa: msemaji aliyesimama mita mbili, bodaboda inayopita, upepo, na vidole vya mwenye kukishika vikiteleza kwenye kava. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu vishikwambi, hesabu maiki.

Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ya waya, inatosha kwa mwaka wa kwanza. Boya BY-M1 ndiyo inayopatikana kirahisi katika maduka ya vifaa vya picha. Ina waya wa mita 6, betri ndogo ya LR44 ndani ya kijisanduku chake, na swichi yenye sehemu mbili, moja ya simu na nyingine ya kamera. Makosa mengi huanzia kwenye swichi hiyo. Ukiichomeka kwenye kishikwambi swichi ikiwa upande wa kamera, sauti huingia vibaya au haiingii kabisa. Iwe upande wa simu, ambako betri haitumiki. Na aliyeitumia kwenye kamera akasahau kuirudisha ataikuta betri imekufa siku ya mtihani, kwa hiyo weka LR44 nne za akiba kwenye mfuko wa vifaa.

Angalia pia pini. Pini ya maiki ya simu na kishikwambi ina pete tatu nyeusi. Ya kamera ina mbili. Zinafanana kwa macho ya haraka na zinaingia kwenye tundu lile lile bila kulalamika. Maiki yenye pini ya pete mbili ukiichomeka kwenye Tab A9+, kifaa huiona kama hedifoni tu na kuendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani. Mwanafunzi anadhani amerekodi kwa maiki ya kifuani. Akifika kwenye uhariri anasikia feni ya ukumbi. Dawa yake ni jaribio la sekunde tano: anza kurekodi, kwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha, kisha gonga nyuma ya kishikwambi. Kinachosikika kwa nguvu zaidi ukicheza rekodi ndicho kilichorekodi.

Ila ukitaka kusikiliza jaribio hilo, chomoa maiki kwanza. Kifaa huhesabu tundu kuwa limeshikwa na hedifoni, na sauti inapelekwa huko huko kwenye maiki, ambako hakuna spika. Wanafunzi wengi hufuta rekodi nzuri kabisa kwa kuamini kwamba haina sauti. Andika onyo hilo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kava la kila kishikwambi.

Kwenye iPad A16 unahitaji adapta ya USB-C kwenda milimita 3.5, na lazima iwe inayopitisha maiki. Adapta za bei ya chini kabisa hupitisha sauti ya kutoka tu. Nunua adapta mbili za ziada kwa kila nane, maana ni ndogo na hupotea kama vifungo vya shati. Maiki zisizo na waya zinazochomekwa moja kwa moja kwenye USB-C zinaondoa tatizo la adapta, lakini zikikaa pale huwezi kuchaji, na bei yake moja inanunua maiki kadhaa za waya.

Kwenye Tab A9+ usitegemee programu ya kamera iliyokuja na kifaa. Weka Open Camera, ni ya bure na haina matangazo. Ingia kwenye mipangilio yake ya video na uchague maiki ya nje kama chanzo cha sauti. Kwa mahojiano ya redio, rekodi kwa programu ya sauti peke yake. Mwambie msemaji ataje jina na alichokula asubuhi, halafu angalia kipimo: kilele cha maneno ya kawaida kikae karibu na -12 dB. Kikigusa 0 sauti imepasuka, na hakuna programu ya kuirudisha.

Kuhusu mahali pa kubana: shubiri moja chini ya kidevu. Kwenye shati ni rahisi. Kwenye kanga, kitenge au mtandio, usiifiche chini ya kitambaa. Sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika shuka, na kila akigeuza shingo kitambaa kinakwaruza. Ibane kwenye pindo kwa nje, na mwombe msemaji mwenyewe apitishe waya ndani. Nje ya jengo sponji iliyokuja na maiki haitoshi kwa upepo wa ufukweni. Mgeuze msemaji ili mgongo wake uukinge upepo, au sogea nyuma ya ukuta.

Kabla ya kuondoka eneo la tukio, kila kikundi kirekodi sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe, kimya, bila mtu kuzungumza. Wanafunzi huliona zoezi hili kama kupoteza muda mpaka wanapofika kwenye uhariri na kukuta shimo kati ya jibu la kwanza na la pili.

Kamera, na kwa nini simu inaishinda

Kishikwambi cha gramu 480 hivi ukikinyoosha mbele ya uso wa mtu kwa dakika kumi, mikono inatetemeka na msemaji anaongea na ubao badala ya kuongea na mwandishi. Lenzi iko kwenye kona, kwa hiyo kidole cha mkono unaoshika hupita mbele yake. Nje saa sita mchana kioo hakionekani vizuri. Mwangaza wa iPad A16 ni niti 500, na jua letu halijali. Joto nalo ni la kuzingatia: Apple yenyewe inataja nyuzi 35 za Selsiasi kuwa mwisho wa mazingira ya kutumia iPad. Kiache juani Mombasa wakati wa kusubiri mgeni rasmi, kitaonyesha onyo la joto na kugoma.

Kwa hiyo kwenye tukio tumia simu. Kishikwambi kitumike kama kamera pale kinapofaa: mahojiano ya kukaa, ndani, juu ya stendi. Kishikizo kiwe kile cha kubana pande mbili chenye skrubu ya robo inchi, na stendi iwe ya miguu mipana. Stendi nyepesi za simu hupinduka, na kioo kikipasuka gharama ya kukibadilisha inameza bei ya stendi tatu nzuri.

Mipangilio ya kwanza ni fremu. Umeme wetu ni wa Hezi 50, kwa hiyo taa za tyubu na baadhi ya LED huonyesha mistari inayopanda au kumeta ukirekodi kwa fremu 30. Kwenye iPad nenda Settings, kisha Camera, kisha Record Video, washa chaguo la kuonyesha mifumo ya PAL, halafu uchague 1080p kwa fremu 25. Programu ya kamera ya Tab A9+ haina chaguo hilo, na tiba yake ni kuzima taa na kusogea dirishani. Msemaji akae ubavu wake ukielekea dirisha, si mgongo.

Jambo la pili ni sura. Kamera inayojiamulia mwanga, ikiona anga jeupe nyuma ya mtu mwenye ngozi nyeusi, hupunguza mwanga ili kuliokoa anga, na uso unabaki kivuli. Bonyeza uso kwenye kioo na ushikilie mpaka kifaa kionyeshe kwamba fokasi na mwanga vimefungwa, kisha buruta alama ya jua juu au chini. Anga likiwa jeupe kabisa, liache liwe jeupe. Habari iko usoni.

Kwa zoezi la picha, mpango wa picha tano bado ni bora kwa anayeanza: mikono ikifanya kazi kwa karibu, uso wa mwenye kazi kwa karibu, picha pana ya mahali, picha ya kupitia begani mwake, na moja ya pembe isiyotarajiwa. Kila moja ishikwe sekunde 10 bila kuzungusha kamera. Msuka mikeka, fundi baiskeli, muuza kahawa, yeyote mwenye kazi inayojirudia anafaa, kwa sababu mwanafunzi akikosa tendo mara ya kwanza litarudi.

Na 4K? Kwa kawaida ikatazwe. iPad kwa 1080p na fremu 30 hutumia takriban MB 60 kwa dakika katika mfumo wa kubana video wa HEVC, au MB 130 katika H.264. Kwa 4K na fremu 30 ni MB 170 na MB 350. Vikundi vitatu vinavyotumia kifaa kimoja, kila kimoja na dakika 30 za malighafi, vinakula GB 11.7 kwa 1080p ya H.264, au GB 31.5 kwa 4K. Hali moja tu inahalalisha 4K: picha inayotakiwa ya mlalo kwa televisheni na ya wima kwa mitandao. Ukikata kipande cha wima kutoka video ya 1080p unabaki na upana wa pikseli 608 tu, unavutwa hadi 1,080 na picha inakuwa laini kama ya ukungu. Kutoka 4K unabaki na 1,215, unatosha. Msemaji akae katikati ya fremu, maana aliyekaa pembeni hukatwa sikio.

Kuhamisha: sehemu isiyotajwa kwenye matangazo

Darasa hukwama zaidi hapa kuliko mahali pengine. Wanafunzi wengi wana simu za Android. Kutoka Android kwenda Tab A9+, Quick Share inapeleka video bila bando wala waya. Kutoka Android kwenda iPad njia ya uhakika ni flashi yenye midomo miwili, USB-C upande mmoja na USB ya kawaida upande mwingine. iPad inaisoma kupitia programu ya Files. Simu nyingine za bei ndogo husoma tu flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4, yaani kama dakika 31 za 1080p ya H.264. Mahojiano marefu zaidi ya hapo yarekodiwe kwa vipande, jambo ambalo mhariri yeyote atalishukuru kwa sababu nyingine kabisa.

Kinachoua ubora ni WhatsApp. Mwanafunzi anamtumia mwenzake video kama video, WhatsApp inaibana, na faili ya MB 130 inafika ikiwa MB chache zenye sura za matofali. Kama hakuna njia nyingine, atume kama waraka, si kama video. Hapo inapita ilivyo, hadi GB 2.

Memori kadi ya Tab A9+ ni faida kubwa, mradi kadi ni halali. Sokoni kuna kadi zilizoandikwa GB 512 ambazo ndani hazifiki robo yake. Zinapokea faili zote kwa ukarimu, na za mwisho hazifunguki. Ijaribu kila kadi mpya kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kabla ya kuikabidhi. Kadi kubwa huchukua saa kadhaa, ila ni afadhali kuliko kumweleza mwanafunzi mahojiano yake yako wapi.

Uhariri: hapa kifaa kinajilipa

Kwenye simu, mstari wa uhariri ni mwembamba kiasi kwamba kidole kinafunika sekunde tatu. Kwenye kioo cha inchi 11 mwanafunzi anaona mawimbi ya sauti, anaona pumzi kati ya maneno, anakata hapo. Watatu wanaweza kuketi mbele yake. Mwalimu akipita nyuma yao anaona kosa bila kuomba kifaa. Hii ndiyo sababu ya kununua vishikwambi, na nyingine zote ni za ziada.

Programu kwa iPad: iMovie ni ya bure na inatosha wiki mbili za mwanzo. Ina safu kuu ya video na moja ya juu yake, na mpaka huo mdogo humlazimisha mwanafunzi kufikiri. Lakini imejengwa kwa ajili ya mlalo; kazi ya wima inaitesa. Baada ya hapo LumaFusion, dola 29.99 kwa malipo ya mara moja, safu sita za video na sita zaidi za sauti, na unaweza kuchagua fremu 25 kwa mradi mzima. DaVinci Resolve nayo ipo kwa iPad na ni ya bure, ila menyu zake ni msitu kwa mwanafunzi wa muhula wa kwanza.

Kwa Tab A9+ tumia VN, ambayo haibandiki nembo juu ya picha, au KineMaster kwa wanaotaka safu nyingi na wako tayari kulipia ili nembo iondoke. CapCut inajulikana na wanafunzi kabla hawajafika chuoni, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: wanakuja na mazoea ya madoido, mirukoruko na nyimbo. Wimbo wa Bongo Fleva chini ya habari ya mafuriko ni kosa la uhariri na pia la hakimiliki. YouTube huutambua yenyewe, na taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, zipo kwa ajili hiyo.

Zoezi linalofanya kazi kwa kipindi cha saa tatu ni habari ya sekunde 90. Anza na sauti, si picha. Mwanafunzi asikilize mahojiano yote kwa hedifoni, achague vipande viwili au vitatu visivyozidi sekunde 15 kila kimoja, avipange. Kisha aandike maelezo ya kuunganisha. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo ahesabu maneno mawili kwa sekunde, yaani kwa sekunde 50 za maelezo asizidi maneno 100. Arekodi maelezo hayo akiwa ndani ya chumba chenye mapazia au nguo, hata kabati lililofunguliwa linasaidia, maana chumba cha sakafu ya vigae na kuta tupu kinaleta mwangwi. Hapo ndipo picha zinapowekwa juu ya sauti iliyokwisha kupangwa. Klipu 15 hivi zinatosha. Sauti ya klipu inayokuja iitangulie picha yake kwa nusu sekunde: cherehani isikike kabla haijaonekana. Jambo hilo dogo ndilo linalotofautisha habari na mkusanyiko wa video.

Kuhariri kwa hedifoni za Bluetooth kukatazwe. Sauti hufika kwa kuchelewa, mwanafunzi anarekebisha kosa ambalo halipo, na kazi ikichezwa kwenye spika midomo haifuatani na maneno. Kwa Tab A9+ hedifoni za waya za bei yoyote zinatosha. Kwa iPad, adapta ile ile ya maiki inatumika.

Manukuu ya maandishi yawe mistari miwili, kila mmoja herufi 40 au pungufu. Neno kama “wanaowasababishia” haligawanyiki, kwa hiyo mstari huvunjwa kwa maana na si kwa urefu. Kwenye iPad zima urekebishaji wa maneno wa kibodi kabla ya kuandika, vinginevyo utabadilisha Kiswahili kuwa Kiingereza bila kuomba ruhusa. Kwenye Tab A9+, Gboard, kibodi ya Google, inaandika Kiswahili kwa kusikiliza. Ukiisomea mahojiano polepole inakupa rasimu, ingawa majina ya watu na mitaa hukosewa karibu kila mara na lazima yasahihishwe kwa mkono.

Wakati wa kutoa kazi: 1080p, H.264, kiwango cha megabiti 10 kwa sekunde. Hiyo ni MB 75 kwa dakika. Wanafunzi 30 wakipandisha mtandaoni kazi za dakika mbili, bando limeondoka na GB 4.5. Kukusanya kwa flashi ni haraka kuliko intaneti ya vyuo vingi. Kama kazi itafunguliwa tena kwenye kompyuta kwa Premiere, malighafi ya simu ipitishwe kwanza kwenye programu ya HandBrake na iwekewe kiwango cha fremu kisichobadilika. Simu na vishikwambi hurekodi kwa fremu zinazopanda na kushuka, na katika mahojiano ya dakika 20 sauti huanza kuachana na midomo taratibu, hata mwanafunzi akadhani macho yake yanamdanganya.

Kutunza vifaa vya pamoja

Tab A9+ inakubali akaunti zaidi ya moja, kwa hiyo kila kikundi kinaweza kuwa na yake. iPad ya kawaida ni ya mtumiaji mmoja, na kazi za vikundi huchanganyikana. Tengeneza folda kwa jina la kikundi na tarehe ndani ya Files, na klipu zibadilishwe majina siku ile ile. IMG_0047 haimwambii mtu kitu mwezi ujao.

Kamwe mwanafunzi asiingie kwa akaunti yake ya Apple au ya Google kwenye kifaa cha chuo kama mmiliki. Akihitimu na kuisahau nywila, kifaa kikifutwa na kuanzishwa upya kinadai akaunti ile ile, na bila hiyo ni kioo tu cha kujitazamia. Akaunti iwe ya idara, na nywila ikae kwa watu wawili.

Video iliyofutwa haijaondoka. Inakaa siku 30 kwenye albamu ya vilivyofutwa, ikishika nafasi ile ile. Kifaa kikisema kimejaa wakati galari ni tupu, tafuta hapo. Ni suala la faragha vilevile: malighafi yenye nyuso na namba za watu inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019, na kishikwambi kinachopita mikono 20 si mahali pa kuacha mahojiano ya mtoto au ya mtoa habari wa siri.

Umeme: pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban Wh 74, na betri ya iPad A16 ni karibu Wh 29, kwa hiyo ukiondoa upotevu unapata mijazo miwili. Pawabenki nne kwa vifaa nane zinavuka siku ya mgao. Kwa Tab A9+ hesabu bei ya chaja pembeni, maana katika masoko mengi sanduku lake lina waya tu. Inapokea wati 15, chaja kubwa zaidi haiongezi kasi.

Ununue nini

Kwa darasa la wanafunzi 24, vifaa nane vinatosha: watatu kwa kifaa, mmoja anauliza, mmoja anashika picha, mmoja amevaa hedifoni, na wanabadilishana kila zoezi. Kifaa kwa kila mwanafunzi ni anasa inayomnyima kujifunza kubishana na mhariri.

Tab A9+ ya GB 8 na 128 ndiyo ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kamera yake ni ya kawaida kabisa, lakini inaongea na simu ambazo wanafunzi tayari wanazo, ina tundu la hedifoni, ina kadi, na fedha inayobaki inanunua maiki. iPad A16 na LumaFusion ni za wa mwaka wa mwisho wanaotengeneza makala ndefu, au chuo chenye mtu wa kusimamia akaunti na adapta kila siku. Usichanganye aina mbili ndani ya darasa moja, mwalimu atafundisha kila hatua mara mbili.

Na kama bajeti inatosha vifaa nane bila maiki, nunua vitano na maiki zake.